Tulipopalilia Makaburi ya Ipole

Mliokua nasi miaka ile mtakumbuka kwamba Pasaka yetu haikuanza na nguo mpya wala kuku wa sikukuu. Ilianza na jembe. Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu yenyewe, watoto wote wa kanisa letu pale Ipole tulikunywa uji mapema, tukaongozana kwenda makaburini, kila mmoja na kijembe chake chenye mpini uliokatwa kulingana na kimo chake. Mvua zilikuwa zimeyalea majani mpaka kiunoni. Ukiingia humo unatoka umelowa umande mpaka mapajani, na kama huna bahati unatoka na upupu, ukajikuna mpaka Jumatatu ya Pasaka huku wenzako wakikucheka.

Makaburi yetu yalikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyoipita babu zetu wapagazi na mizigo mabegani, wakienda ziwani Tanganyika na kurudi pwani. Enzi zetu njia hiyo ilikuwa imebaki ya baiskeli na malori machache ya tumbaku na asali. Eneo lenyewe lilizungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na ndani yake marehemu walilala kwa mistari, wote wameelekezwa upande mmoja, ili siku ya kuamshwa wainuke wakitazama mashariki. Hapakuwa na vigae wala misalaba ya urefu wa mtu. Mwenye ng'ombe mia na asiye na kuku wote walipewa jiwe moja bapa, la ukubwa ule ule, na jina limeandikwa kwa rangi nyeusi.

Wazee walitugawia makaburi ya kupalilia, wala hukuchagua. Ungeweza kupewa bibi ambaye hukuwahi kumwona, na tangu siku hiyo watu wakakuita mjukuu wake. Mimi nilipewa Mwalimu Andrea. Alifariki kabla sijazaliwa, lakini habari za fimbo yake zilikuwa bado zinatembea kijijini, na nawaambia ukweli, nilipalilia kaburi lake mwaka wa kwanza bila kufungua mdomo, nikihofia asije akanisikia. Rafiki yangu Ester alipewa Mama Roda, aliyesifika kwa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kuanikwa juani. Tulipochoka tulikaa karibu na Mama Roda, tukatafuna karanga za kuchemsha na kubishana kama matobolwa yake yalikuwa matamu kweli kuliko ya mama zetu. Hakuna kati yetu aliyewahi kuyaonja.

Msimamizi wetu alikuwa Bibi Kalunde, mama yake baba. Alikuwa mfupi, mwenye mgongo ulionyooka kama wa msichana, na sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa. Kila mwaka alipofika kwenye mawe ya chokaa alisimama, akawasalimu waliolala mle kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kisha akanyamaza kidogo kama anayengoja kuitikiwa. Tukiwa wadogo sana tulicheka. Alitusikia siku moja, akatuambia bila kukasirika, "Hawa hawajaenda mbali. Kanisa ni moja. Sisi bado tunatembea, wao wamelala. Asubuhi ikifika tutaamshwa pamoja." Alilisema jambo hilo kwa namna ile ile aliyotumia kutuambia kwamba mahindi ya bondeni yameanza kukomaa.

Kesho yake ndiyo ilikuwa asubuhi yenyewe. Kengele iligongwa kungali giza, tukajifunga kanga na mablanketi, tukarudi makaburini na watu wazima. Tulisimama kuzunguka ile mistari iliyopaliliwa, kimya, tukiwa na baridi ya miguu, tukitazama upande wa mashariki juu ya miti ya miombo. Mbingu ilipoanza kupauka, mchungaji alisema, "Bwana amefufuka," nasi tukaitikia, "Amefufuka kwelikweli." Ndipo tarumbeta zilipoanza. Kisha mzee wa kanisa alisoma majina ya wote waliofariki tangu Pasaka iliyopita, mmoja mmoja, na mchungaji akaomba tuwekwe katika ushirika na hao waliotangulia, mpaka tutakapokutanika tena. Jua lilipotoka tulikuwa tunaimba. Baada ya hapo ni chai ya maziwa, mihogo, na asali ya sega mpya.

Siku hizi nawaona wajukuu zetu kwenye ibada ya alfajiri. Wamevaa miwani ya jua na jua lenyewe halijachomoza. Majina yanasomwa, mtu yuko nyuma ya msalaba wa marumaru anajipiga picha, na marehemu ameingia kwenye picha bila kuulizwa. Siwalaumu sana. Tungekuwa na simu sisi, Mwalimu Andrea angepigwa picha kila pembe, na tungemwogopa hata humo.

Lakini nilitaka kuwasimulia Pasaka moja tu, ile ya mwaka nilipokuwa na miaka kumi.

Baba yangu, Yohana, alikuwa mrina asali na mpiga tarumbeta. Alipiga ile kubwa, yenye sauti nzito, na alipoipuliza mishipa ya shingo yake ilisimama, nami nilijivuna kana kwamba napuliza mimi. Mwaka uliotangulia, mdogo wangu Samweli alishikwa na degedege. Mama alimpeleka zahanati akachomwa sindano, akatulia siku mbili, akashikwa tena. Alipokakamaa mara ya tatu mikononi mwa baba, baba alimfunga mgongoni, akapanda baiskeli akaenda kwa mganga. Samweli alipona. Yupo Kigwa mpaka leo, ana kitambi na wajukuu, na katika familia yetu hakuna wawili wanaokubaliana kama kilichomponya ni sindano, mizizi au maombi ya bibi.

Wazee wa kanisa walipopata habari, baba aliwekwa chini ya marudi. Asishiriki Meza ya Bwana, asipige tarumbeta, mpaka siku atakayosimama mbele ya kanisa na kutubu. Baba hakubisha. Aliirudisha tarumbeta mwenyewe, ameifuta mpaka inang'aa. Ila kusimama hakusimama. Kila Jumapili alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na kila Jumapili Bibi Kalunde alimwuliza tukiwa njiani kurudi, "Yohana, lini?" Naye alijibu, "Nitasimama, mama. Si leo." Nikikumbuka sasa naona alikuwa na aibu zaidi kuliko kiburi. Wakati ule niliona tu mgongo wake ukitangulia mbele yetu, haraka.

Mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekwisha na asali imejaa, aliingia msituni na wenzake. Alipanda mninga kuteremsha mzinga, kamba ikakatika, akaanguka. Ilikuwa siku ambayo Bwana Saidi alikuwa amefika kambini na lori lake kuchukua asali. Huyu alikuwa mtu wa Tabora mjini, wa moja ya zile familia za asili ya Oman zilizofanya biashara huko tangu zamani, mwembamba, mwenye kofia nyeupe isiyochafuka hata msituni. Alimlaza baba kwenye kiti cha mbele, kichwa chake akakipakata mapajani, akamwambia dereva akimbize gari hospitalini. Hawakufika. Nusu ya njia baba alikata roho, na Bwana Saidi akageuza gari, akamleta nyumbani.

Alizikwa kesho yake. Kengele haikugongwa. Tarumbeta hazikupigwa. Mchungaji alikuwa mbali kwenye kijiji kingine, na mkuu wa wazee, Mzee Paulo, alisema kwa upole kabisa, macho yake chini, kwamba utaratibu ni utaratibu, na kwamba ndugu Yohana alikufa hajarudi. Wanaume walichimba kaburi nje ya mawe ya chokaa, hatua nne hivi kutoka mstari wa mwisho. Bwana Saidi alisimama kando, kofia yake mkononi, mpaka udongo ukaisha, akaondoka.

Miezi iliyofuata nilijifunza kuogopa kwa namna ambayo sikuijua. Watoto hawajui kusema mambo nusu nusu. Tulikuwa tunacheza rede na Ester, tukagombana kuhusu mpira, akaniambia, "Baba yako hataamka. Hajaandikwa." Nilimpiga, tukaamuliwa, tukapatana kabla ya jioni kama watoto wanavyopatana. Lakini neno lile lilibaki nami. Niliwaza kwamba malaika atakapokuja atafuata mawe ya chokaa, atawaamsha wote walio ndani, Mwalimu Andrea na Mama Roda na wengine, nao watajipangusa udongo na kwenda zao, na baba atabaki hatua nne tu kutoka hapo, hakuna aliyemgusa bega. Sikumwambia mama. Mama alikuwa amekwisha kukonda.

Jumamosi ya Pasaka ikafika. Wazee waligawa makaburi kama kawaida, na kaburi la baba halikupewa mtu. Nilimaliza la Mwalimu Andrea haraka kuliko siku zote, nikavuka mawe, nikaanza kung'oa majani kwa baba. Bibi Kalunde aliniona. Alikuja akainama upande wa pili, tukapalilia wawili, yeye na mimi, wengine wote wakiwa ndani ya mzunguko. Niliona watoto wakitutazama na kuacha kutazama.

Ndipo lori la kijani la Bwana Saidi lilipopita njiani, likasimama. Tangu baba afe alikuwa akipita kwetu kila alipokuja, analeta sukari kwa mama na halua kidogo kwa ajili yetu watoto. Aliteremka, akaja taratibu akikwepa kukanyaga makaburi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alitutazama sisi, akayatazama mawe, akaitazama ile mistari. "Mama, nisamehe nikiuliza. Mbona Yohana mmemweka huku peke yake?"

Bibi aliendelea kung'oa majani. "Alikufa akiwa nje, Bwana Saidi. Alikosa, akaambiwa atubu mbele ya watu, akawa anasema kesho. Kesho haikumfikia."

"Nje ya nini?"

"Nje ya kanisa."

Bwana Saidi alichuchumaa, mtu mzima na kanzu yake, kwenye majani yale yenye maji. "Siku ile sikuona ngoma wala tarumbeta," alisema. "Nilidhani ninyi Wakristo mnazikana hivyo, kimya kimya. Mama, mimi niliwaambia kwamba amekufa vizuri. Sikusema zaidi, kwa kuwa niliona ni siri ya mtu na Mola wake, si habari ya kupeleka sokoni. Sikujua kuna anayehoji."

Bibi aliacha kung'oa. "Alisema nini?"

"Tangu tuliposhika njia mpaka pumzi inakatika hakuzungumza na mimi. Alikuwa anazungumza na Isa wenu. Alisema, Bwana, nilikosa kwa ajili ya mtoto, niliogopa. Alisema, nilikuwa nisimame Jumapili hii. Akawa anasema, nihurumie, nihurumie. Mwisho sauti iliisha, midomo ikabaki inatikisika. Mimi ndiye niliyemfumba macho."

Sijawahi kumwona Bibi Kalunde akikaa chini makaburini. Siku hiyo alikaa, miguu imenyooka mbele yake kama mtoto, mikono yenye udongo juu ya mapaja. Hakulia. Baada ya muda alinyoosha mkono, nikamvuta akainuka. Alimwambia Bwana Saidi, "Twende," tukaenda watatu, tumechafuka vile vile, mpaka nyumbani kwa Mzee Paulo. Mchungaji alikuwa amefika kwa ajili ya sikukuu, wameketi barazani na daftari la majina mbele yao.

Bibi alieleza. Bwana Saidi akaeleza tena, maneno yale yale, bila kuongeza. Mzee Paulo alilifunga daftari lake, akalifungua, akalifunga tena. Alikuwa mtu mwema, nataka hilo lijulikane. Alikuwa rafiki wa baba tangu wakiwa wachunga ng'ombe, na nadhani ndiyo maana alishikilia utaratibu kwa nguvu, asije akaambiwa anapendelea.

"Mama," alisema, "shahidi wako ni Mwislamu."

"Ndiye aliyekuwepo," Bibi alijibu. "Wewe hukuwepo, Paulo. Na mimi niliyemzaa sikuwepo."

Mchungaji alimgeukia Bwana Saidi. "Unaweza kuapa kwamba ulisikia hivyo?"

"Sheikh," Bwana Saidi alisema, naye mchungaji hakumsahihisha, "kwa jambo la maiti siapi ovyo. Nakwambia nilichosikia. Nilikuwa nimempakata. Hakukuwa na mtu wa kumdanganya pale. Mimi si wa dini yake, hakuwa na haja ya kujipendekeza kwangu."

Mchungaji aliinamisha kichwa. Sisi tulibaki tumesimama. Kuku walipita kati ya miguu yetu. Mwishowe alisema, "Niachieni mpaka asubuhi, mama," na Bibi akajibu, "Haya," akatoka bila kuongeza kitu. Njiani nilimwuliza, "Watamsoma?" Akasema, "Sijui. Lakini Mungu hangoji daftari la Paulo." Kisha, baada ya hatua chache, akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Ila mimi ningependa kulisikia."

Mama hakwenda ibada ile. Alisema atabaki na Samweli. Alijua majina yatasomwa, na hakuweza kusimama kusikia pengo. Nilikwenda na Bibi. Badala ya kusimama na watu, Bibi alikwenda moja kwa moja mpaka kaburi la baba akasimama pale nje ya mawe, nami nikasimama naye, nikishika ncha ya kanga yake. Umande uliloweka miguu yetu. Mchungaji alisema, "Bwana amefufuka." Bibi aliitikia kwa sauti kuliko siku zote, "Amefufuka kwelikweli," na watu kadhaa waligeuka.

Mzee Paulo alifungua daftari. Alisoma kwa kufuata miezi. Mwezi wa nne alikuwapo mtoto wa jirani zetu. Mwezi wa tano, mabibi wawili. Kisha alinyamaza. Alisogeza karatasi karibu na taa ya chemli, ingawa nadhani hakuhitaji kusoma, akasema, "Yohana, mwana wa Kalunde. Mrina asali. Mpiga tarumbeta wa kanisa hili."

Alipoendelea na mwezi wa saba sauti yake ilikuwa inakwaruza.

Mkono wa Bibi uliniangukia kichwani, ukabaki hapo, mzito. Sikumtazama. Nilitazama mashariki kama kila mtu, na nakumbuka niliwaza jambo moja tu, kwamba sasa malaika analijua jina. Ningali nalicheka wazo hilo, na ningali nalipenda.

Ibada ilipokwisha watu walianza kwenda kwenye chai. Mimi nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa anakoroga uji wa Samweli. Nilimwambia, "Mama, wamemsoma baba," akaendelea kukoroga, nikarudia, akaacha mwiko ndani ya chungu. Hakuniuliza nani, wala vipi. Alijifunga kanga ya pili, akaondoka akitembea, halafu nikamwona anakimbia.

Tulipofika makaburini tulimkuta Mzee Paulo peke yake. Alikuwa amevua koti la ibada na kulitundika kwenye mti, ana jembe, anang'oa mawe ya chokaa ya upande ule. Aling'oa jiwe moja moja, akalibeba kifuani mpaka shati lake likawa jeupe, akayapanga upya kuzunguka kaburi la baba, mpaka mstari wa mpaka ukatoka nje, ukamzunguka baba, ukarudi. Mama alisimama akimtazama. Mzee Paulo alipomwona aliweka jiwe chini, akasema, "Shemeji, nilichelewa." Mama alivua viatu, akainama akabeba jiwe lililofuata. Waliyamaliza wawili.

Mpaka leo ukifika Ipole utaona mpaka wa makaburi ya zamani una kikombo upande mmoja. Vijana wanadhani ni kosa la aliyepima.

Ester nimemzika, Bibi Kalunde nimemzika, na mwaka jana nilimzika mama yangu. Aliishi na mimi hapa Kanyenye miaka yake kumi ya mwisho, chumba cha uani, akilalamikia kelele za mjini, na alipofariki tulimrudisha Ipole, akalala karibu na baba, ndani ya mawe. Makaburi sasa yamewekewa saruji. Hakuna tena cha kupalilia, na kwa kuwa hakuna cha kupalilia, watoto hawaendi Jumamosi. Wanakuja Jumapili na basi la kanisa, wanashuka, wanaimba vizuri sana, wanapanda. Mazishi yetu nayo yamekuwa na sare za kushonwa, vipaza sauti na mpiga video anayetuambia tusogee ili amwone mfiwa vizuri. Mimi mwenyewe nilishona sare, siwezi kujitoa.

Kilichonigusa zaidi kilitokea nyumbani. Mjukuu wangu Yona, mwenye miaka mitano, aliambiwa na wazazi wake kwamba bibi mkubwa, yaani mama yangu, amesafiri. Walifanya hivyo kwa kumhurumia. Juma la tatu alinijia nikiwa nachambua mchele jikoni, akauliza, "Bibi mkubwa atarudi lini?"

Mkwe wangu Neema, mama yake, alikuwa anaosha vyombo. Niliona mikono yake imesimama ndani ya maji. Nilimwambia mtoto ukweli. "Harudi, baba. Amekufa, amelala. Siku moja Yesu atamwamsha, na sisi sote pamoja naye."

"Akiamka atanijua?"

"Atakujua."

"Hata nikiwa mkubwa?"

"Hata ukiwa mzee kuliko mimi."

Alifikiri, akaona linatosha, akatoka kwenda kucheza. Nilingoja Neema anilaumu. Hakunilaumu. Alijifuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaketi kwenye kigoda mbele yangu.

"Mama," alisema, "na yule wangu wa kwanza? Mimi nitamjuaje? Sikumwona."

Miaka minane ilikuwa imepita. Mtoto yule alizaliwa hana uhai, na sisi akina mama wakubwa tuliamua kwamba Neema asimwone, ili asiumie zaidi. Mimi ndiye niliyemwogesha. Mimi ndiye niliyemvika na kumbeba mpaka kaburini. Na katika miaka hiyo minane, mimi niliyelelewa kuwasalimu marehemu kwa majina, sikuwahi kumwambia mama yake neno hata moja juu yake. Nilidhani namlinda. Ndivyo Mzee Paulo naye alivyodhani, kwamba analinda kitu.

Niliweka ungo chini. Nilimwambia kwamba alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zilizolala mbele kwenye paji. Nilimwambia alikuwa na kidevu cha Elia, mumewe, kile chenye shimo, na masikio madogo yake yeye Neema. Nilimwambia vidole vyake vilikuwa virefu, virefu hasa, na kwamba nilipokuwa namwogesha nilivikunjua kimoja kimoja nikaviosha, nikawaza angekuwa mpiga kinanda. Nilimwambia tulimlaza akitazama mashariki.

Neema alisikiliza, machozi yakishuka bila kelele, hakuyafuta. Enzi zetu tulikuwa na Jumamosi nzima ya kuwataja watu wetu, na mashahidi wengi, na asubuhi ya kusimama pamoja kwenye umande kuwangoja. Yeye alikuwa na jiko dogo la Kanyenye na mama mkwe mmoja aliyechelewa kusema.

"Nirudie pale kwenye vidole," aliniomba.

Nikamrudia.